Mtihani Usiokuwa na Maswali

Ukungu wa London wa zamani si huu wa leo wa kuja na kuomba radhi. Mimi nilikuwa hamali katika ule uwanja mkubwa wa ndege ulio jirani na Southall, na nimeona kwa macho haya ndege imetua, abiria wakashuka ngazi na makoti yao, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wasione hata ardhi, wakadhani bado hawajafika, wakapanda tena. Bwana mmoja alinishika mkono mpaka kwenye mizigo akiniita jina la mkewe. Sadrudin akinisikia husema natia chumvi. Sadrudin daktari kamkataza chumvi, ndiyo maana akiiona kwa mwenziwe inamuuma.

Lakini hili la Jitendra nitalisema kama lilivyokuwa. Sadrudin yu hai, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, mkamuulize.

Jitendra na mimi ni watu wa Chake Chake, Pemba. Babake, marehemu Vijay, alikuwa na duka la nguo karibu na soko, na mkewe, Kusum, alikaa kwenye kigoda nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, mkasi mapajani. Ukitumwa na mamaako kanga, huipati mpaka Kusum amalize yake. "Hujambo weye? Mamaako hajambo? Kile kikohozi cha babu? Yule mbuzi kazaa? Kazaa wangapi? Ushakula?" Ukishajibu yote ndipo mkono wake unapopanda rafuni. Ukiingia na kusema "nataka kanga" anakutazama kama umepanda kitandani na viatu. Na hakuwa yeye peke yake, kwetu wote ndivyo tulivyo. Mtu akipishana nawe njiani asikuulize kitu, ujue amekununia, au ameambiwa jambo baya juu yako.

Mwaka sitini na nne mimi niliondoka, kwa sababu ambazo kila Mzanzibari wa London atakupa zake, na zote ni za kweli. Vijay alifariki baadaye kidogo, na Kusum akamchukua mwanawe wakaenda kukaa Nairobi kwa kaka yake. Huko kijana akaangukia mikononi mwa padri mmoja aliyekuwa akisomesha Kilatini skuli, na Kigiriki cha kale kwa wale waliokubali kubaki baada ya kengele. Jitendra alibaki. Wenzake waliacha mmoja mmoja mpaka padri akawa na darasa la mtu mmoja, na mtu huyo mmoja akapata udhamini wa kusoma lugha hizo katika chuo kikongwe cha Waingereza, mwendo wa treni kutoka London.

Kwao walimwita Jitu. Ungemwona alivyo mwembamba ungecheka. Upepo wa Southall ulikuwa ukimpitia mlangoni kumuuliza kama anakwenda mahali.

Likizo zake alikuja kukaa nasi, nyumbani kwa Sadrudin. Sadrudin ni mtu wa Mombasa. Alifika mwaka sitini na nane, katika ule mkurupuko wa Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasi za Kiingereza, wakakimbilia kuingia kabla sheria mpya haijafunga mlango. Alikuja na sanduku moja na mbuzi ya kukunia nazi. Nazi hakuipata kwa miaka, mbuzi ikakaa sebuleni kama mgeni. Akanunua nyumba kwa mkopo, akatupangisha vyumba, na kila mpangaji alipewa onyo kwamba kelele mwisho saa tatu, isipokuwa za Sadrudin.

Kusum hakukurupuka na wenziwe. Kaka yake alikuwa mgonjwa, akasema atamuuguza kwanza. Kaka alipofariki, mlango ulikuwa umeshafungwa. Pasi ile ile ya Kiingereza sasa ilitaka kibali juu yake, na kibali kilikuwa na foleni, na foleni ya wajane ilisimama nyuma ya foleni nyingine. Alingoja. Mwezi wa Machi mwaka wa sabini, mwanawe akiwa karibu na mtihani wake wa mwisho, alichoka kungoja akapanda ndege bila kibali. Wengine walikuwa wamejaribu hivyo, na wapo waliopita.

Nilikuwa zamu siku ile. Nilimwona kutoka mbali, sari nyeupe ya ujane na sweta la buluu juu yake, anatembea kwa hadhari kama mtu aliyebeba maji kichwani. Ofisa wa kaunta alikuwa kijana mwenye masikio mekundu kwa baridi. Aliichukua pasi, akaigeuza, akaangalia ukurasa mmoja, akaifunga. Hakuinua macho. Akanyoosha kalamu kuelekea mlango wa kushoto.

Kusum akatabasamu. Alidhani ule ndio mlango aliko mwanawe.

Ule ulikuwa mlango wa chumba cha wanaorudishwa. Nikajaza masanduku ya watu nisiowajua kwenye toroli langu nikaingia nayo mle kama ndiko yanakokwenda. Uhamali una heshima yake: ukisukuma kitu kizito hakuna anayekuuliza unakipeleka wapi.

"Mama Kusum."

Aliinua kichwa. "Msabaha! Msabaha wa Mardhiya! Hujambo weye? Mamaako hajambo?"

Nikasema hajambo. Mamaangu alikuwa na mwaka kaburini, na mimi sikumzika. Lakini mtu anayerudishwa huwezi kumtwika na maiti.

"Hawakuniuliza kitu," akasema. "Nilijitayarisha, Msabaha. Jina la marehemu, mwaka wa ndoa yetu, Jitu anasoma nini. Nimejifunza yote kwa Kiingereza, jirani alikuwa akinisikiliza. Hawakuniuliza hata jina langu. Kwani wamenionaje?"

Akafungua kifundo cha sari akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Tai ya kipepeo, nyeupe, imeshonwa kwa mkono. Jitendra alikuwa amemwandikia kwamba chuoni kwao mtihani huufanyi bila tai nyeupe, na mama yule akakata pindo la sari yake mwenyewe akashona. Ilinukia karafuu, zile anazoweka sandukuni kuzuia nondo.

"Mpe. Anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakula nini?"

Wakaja kumchukua kabla sijamwambia.

Jitendra alikuwa upande wa pili wa ukuta, pale watu wanapongojea wageni, na shada la maua shingoni mwake mwenyewe kwa sababu aliogopa kuliangusha. Ukuta ule ningeweza kuupiga ngumi akasikia. Nikatoka nikampa ile tai. Akainusa. Hakuhitaji kuambiwa.

"Kasema nini?"

"Kauliza kama unakula."

Akakaa chini, pale pale sakafuni, na maua yake.

Sadrudin ndiye aliyempeleka kwa wakili. Wakili akasema hivi: mjane anaweza kuruhusiwa, kama mwanawe ana kazi ya kudumu na nyumba ya kumweka, na zionekane kwa karatasi. Nyumba Sadrudin akasema ipo, atampa chumba cha mbele. Kazi, ikawa kuna skuli moja ya wavulana kaskazini ya jiji iliyotaka mwalimu wa Kilatini mwezi wa Septemba, na mwalimu mkuu akamwambia Jitendra wazi: akipata daraja la kwanza nafasi ni yake, chini ya hapo ana wengine wa kumtosha.

Kwa hiyo mambo yakawa hayo. Daraja la pili lilikuwa heshima pia, lakini lisingemleta mama.

Mtihani wenyewe inafaa niueleze, maana si kama mitihani yenu. Kila ulichosoma kinangojea mwezi wa Juni. Unaingia ukumbini asubuhi, unatoka, unarudi mchana, kesho tena. Wanakupa Kiingereza ukigeuze Kigiriki, wanakupa Kigiriki ukigeuze Kiingereza, halafu Kilatini nacho vivyo hivyo, na wakiona umeanza kuzoea wanakuletea mashairi. Na huingii na nguo zako. Suti nyeusi, joho jeusi juu yake, shati jeupe na ile tai nyeupe, na kofia ya pembe nne mkononi. Ukikosa kimoja unarudishwa mlangoni, hata Wagiriki wa kale wawe wajomba zako. Yakishapita hayo unangoja mpaka Julai, unaitwa tena na nguo zile zile kwa mtihani wa mdomo, mbele ya wazee waliosahihisha. Mimi niliwaambia watu wa Southall kwamba mzee mmoja katika wale alikuwa mkongwe hata Kigiriki alikisoma kikiwa bado kipya. Waliniamini, isipokuwa Sadrudin.

Likizo ya Pasaka Jitendra hakutoka ndani. Nikirudi zamu namkuta mezani, amejifunika blanketi, na mimi napewa kitabu nimshikie, upande wa Kiingereza, nimsomee mstari naye ataje Kigiriki chake. Sikuelewa hata herufi, lakini niliweza kumwangalia usoni nikajua kama amekosea.

"Kaka Msabaha, usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama polisi."

"Mimi natazama tu. Hebu niambie, Wagiriki wakitaka kuuliza 'ushakula' wanasemaje?"

Akafikiri, akatoa neno. Lilisikika kama mtu amekwamwa na mwiba wa samaki.

"Ndiyo maana wamekwisha," akasema Sadrudin kutoka jikoni. "Utamkaribishaje mtu kwa sauti hiyo?"

Jitendra akacheka, na katikati ya kicheko akanyamaza. Tulijua alikokwenda. Nyumba ile nzima ilikuwa na tabia hiyo, mtu anacheka na wewe halafu anaondoka akiwa amekaa pale pale. Mpangaji wa juu alikuwa wa Kisumu, akikaanga samaki alifungua dirisha hata kwenye theluji ili ajifanye yuko uani. Mimi nilikuwa nikipita sokoni nawauliza wauza mboga wa Kipunjabi waliozaliwa Nakuru hali zao kwa Kiswahili, moja baada ya moja, mke, watoto, mgongo, ili tu nisikie mtu akinirudishia. Siku za wateja wengi walinijibu kwa mkono.

Juni akafanya mtihani. Alituambia kwamba kila karatasi ilipogawiwa aliinamisha kidevu kidogo, akainusa tai, ndipo akaanza kuandika. Julai akaitwa kwa mtihani wa mdomo, na mimi na Sadrudin tukasema haendi peke yake. Kwetu mtu anasindikizwa kwenye jambo. Tukavaa. Sadrudin alivaa suti ya harusi yake, ambayo yeye alikuwa amenenepa ikabaki mdogo wake, na kofia nyeusi ya manyoya. Ndani ya treni, tangu stesheni ya Paddington, Jitendra alikuwa akipitia daftari lake. Sadrudin alisema kwa niaba yetu sote.

"Mtihani wa mdomo," akatueleza, kama vile yeye ndiye aliyeuanzisha, "ni wa watu waliokwama katikati. Hawajui wakupe la kwanza au la pili, basi wanakuuliza. Wakikuuliza sana ndiyo vizuri, maana yake wanakutaka. Sivyo, Jitu?"

"Karibu na hivyo, Bwana Sadru."

"Basi waache waulize mpaka magharibi. Tumekuja na chapati."

Tukafika. Majengo ya mawe ya rangi ya asali, na ndani uwanja wa majani yaliyokatwa kwa adabu hata sikuthubutu kuyatazama kwa muda mrefu. Bawabu wa kofia ya duara alituonyesha benchi. Jitendra akasogeza tai yake, akavaa joho vizuri, akaitwa jina kwa matamshi ambayo mamaake asingeyajua, akaingia. Mlango mkubwa ukafungwa.

Sadrudin akafungua chapati. Hajamega kipande cha pili, mlango ukafunguka.

Jitendra alikuwa ametoka. Nilidhani amesahau kitu. Alikuja anatembea kama mtu anayetembea ndani ya maji, kofia mkononi, na machozi yanamteremka mpaka kwenye ile tai.

"Vipi?" nikamuuliza. "Kumetokea nini?"

"Hawakuniuliza kitu," akasema.

Niliiona ile kalamu ya uwanja wa ndege, nikayaona masikio mekundu, nikaona mlango wa kushoto. Maneno yale yale, kama mama na mwana wameambizana.

"Hata swali moja?"

Akatikisa kichwa. Akajipangusa uso kwa mkono wa joho.

Sadrudin alisimama, chapati ikaanguka. Mtu huyu mnayemwona leo anavuka barabara kwa kuomba ruhusa, siku ile aliingiza mkono ndani ya koti la harusi akachomoa pasi yake ya Kiingereza, ile anayotembea nayo mpaka msalani, akauendea mlango ule.

"Mmemrudisha mamaake bila kumuuliza!" alikuwa akipiga kelele, kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo, na lugha ya kwao kwa yale maneno mazito. "Na yeye mnamrudisha bila kumuuliza! Niulizeni mimi! Pasi hii hapa! Ulizeni!"

Bawabu akamzuia kwa kifua. Wanafunzi wenye majoho wakasimama kutazama. Mimi nikamshika Sadrudin kiunoni, naye ni mzito, tukawa tunazunguka pale kama watu wanaocheza ngoma ambayo kila mmoja kaisikia yake. Na katikati ya hayo nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Jitendra. Anacheka na huku analia, amejishika ubavu.

"Bwana Sadru! Bwana Sadru, mwache! Kaka Msabaha, nimepata!"

"Umepata nini?"

"La kwanza! La kwanza lisilo na shaka!"

Ikabidi akae kwenye benchi atusomeshe. Ile ndiyo desturi yao, alisema, na haimpati ila mtu mmoja mmoja. Wazee wakikuona uko katikati, wanakuuliza. Lakini mtu akiwa ameandika hata hawana la kumwongeza wala la kumpunguza, basi akiingia wanasimama wote, kimya, wanavua kofia zao za pembe nne, wanamshukuru, na anafunguliwa mlango. Kumuuliza swali kungekuwa kumvunjia heshima.

"Na mzee mkongwe?" nikauliza. "Naye kasimama?"

"Alisimama wa kwanza. Alishika meza."

Sadrudin alikuwa akikung'uta suti yake. "Watu gani hawa," akasema polepole. "Wakikukataa hawakuulizi. Wakikupenda hawakuulizi. Sasa mtu atajuaje?"

Jitendra alikuwa amefungua tai akaishika kiganjani. "Mama angekuwapo," akasema, "angeniuliza mpaka rangi ya mazulia."

Tukala chapati, ile iliyoanguka tukampa bawabu. Hapana, hilo naongeza. Aliyeila ni Sadrudin.

Kazi ikapatikana. Karatasi zikaenda, zikarudi, zikaenda tena. Septemba ikapita, Krismasi ikapita, Jitendra anawafundisha watoto wa watu Kilatini mchana, na jioni anasimama kwenye dirisha la chumba cha mbele ambacho Sadrudin alikuwa amekipaka rangi na hakumruhusu mtu kukilalia. Kitanda kimetandikwa, mto umekunjwa ncha. Ukipita mlangoni unaona kitanda kimekungojea na wewe si wake. Mimi nilikuwa nikipita haraka.

Mwezi wa Februari kibali kikatoka.

Wazo la kofia lilikuwa la Sadrudin. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu hayupo hapa. Alisema mama yule alirudishwa kama mzigo, basi safari hii apokewe kwa heshima kubwa kuliko zote zilizopo nchi hii, na heshima hiyo sisi tumeiona kwa macho yetu. Jitendra alisita. Halafu nikamwona macho yanamwaka, kama mtoto. Akaenda kuazima joho na kofia ya pembe nne, akavaa suti nyeusi, akafunga ile tai nyeupe. Mimi nilikuwa zamu, nikavaa kofia ya uhamali. Sadrudin na ile yake ya manyoya. Tukasimama mstari mmoja mbele ya mlango wanakotokea wageni, na watu wakatupisha nafasi wakidhani tunamngojea balozi.

Ndani, kama alivyotuambia mwenyewe baadaye, mambo yalikuwa hivi. Ofisa alikuwa mwingine, wa makamo. Aliichukua pasi, akakiona kibali, akapiga muhuri. Hakuinua macho. Hakumuuliza kitu. Akanyoosha kalamu kuelekea mlango.

Mlango ukafunguka, Kusum akatokea na kijitoroli chake. Alikuwa amepungua. Sweta lilikuwa lile lile la buluu.

Sadrudin akakohoa. Tukanyooka. Tukavua kofia zetu wote watatu kwa pamoja, tukaziinua, tukanyamaza kimya kama wale wazee.

Akasimama. Akatutazama, watu watatu mstarini, katikati mmoja kavaa jeusi kutoka mabegani mpaka chini, hawasemi, hawamuulizi kitu. Tabasamu lake, nililiona likizimika. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na akajua hana. Kisha akaligeuza toroli lake, akaanza kurudi alikotoka.

"Anakwenda wapi?" akanong'ona Sadrudin, kofia bado juu.

Jitendra alikimbia. Joho lilinaswa kwenye mguu wa benchi likachanika, hakusimama. Alimpata mamaake mlangoni, akainama kumgusa miguu, na yule mama akarudi nyuma hatua moja.

"Wamekutuma wewe?" akamuuliza. Sauti ilikuwa ya upole kabisa. "Wamekutuma wewe uje uniambie?"

Kijana aliyewanyamazisha wazee wa Kigiriki alifungua mdomo pasitoke kitu. Halafu yakatoka yote kwa mara moja, kwa Kiswahili cha Chake, kama mtu aliyevunja mtungi.

"Mama hujambo? Umesafiri vipi? Ulilala? Ndege iliyumba? Goti linauma bado? Majirani hawajambo? Nani atalisha paka? Ulipata dirisha? Ushakula? Mama, ushakula?"

Mamaake alikuwa akimtazama mdomo tu, bila kuamini. Kisha akaanza kujibu, moja moja, kwa mpangilio, kama ilivyo adabu: hajambo, alisafiri vizuri, hakulala, goti linauma, na majirani wamemsalimu. Kwenye paka hakufika. Akamshika mwanawe tai, akaipeleka puani kwake, wakabaki hivyo katikati ya mlango, na watu na masanduku yao wakapita pembeni, na mimi niliyelipwa kuondoa vizuizi njiani sikuwaondoa.

Sadrudin alikuwa bado ameinua kofia. Nikamshusha mkono.

Baadaye, tulipokuwa tunatoka nje kwenye baridi, nikisukuma toroli lake, Kusum alinigeukia. Nikajitayarisha. Nilikuwa na majibu yangu yote: mamaangu hajambo, anasalimu, amenenepa.

Hakuniuliza mamaangu. Akaweka mkono wake juu ya wangu pale kwenye chuma cha toroli, na lile swali akaliruka. Nikajua amepata habari.

"Na weye, mwana wa Mardhiya," akasema. "Ushakula?"

Asubuhi ile Sadrudin alikuwa amenikaangia mayai matatu, na nikala na mkate nusu.

"Bado, mama," nikasema.